Steringi Asiye na Mahakama

Asanteni kwa kuja, wazee wangu na vijana wenzangu. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulifundishwa kanuni moja kabla picha haijaanza: steringi hafi. Jioni hii nimekuja kumzungumzia steringi aliyenifanya niache kuuliza kama atakufa, nikaanza kuuliza anaua nani, na kwa idhini ya nani. Anaitwa Rick Grimes.

Wengi mmemwona kwenye The Walking Dead, tamthilia ya dunia ambamo wafu wanainuka na kuwala walio hai, iliyoanza kurushwa Marekani tarehe 31 Oktoba 2010 na kumalizika Novemba 2022, misimu 11. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kuchorwa, kwenye vitabu vya katuni vya Robert Kirkman vilivyoanza kutoka mwaka 2003. Vitabu na tamthilia vinaachana njia mara nyingi. Mimi leo nafuata tamthilia, ambako Rick ni Andrew Lincoln, Mwingereza aliyeigiza lafudhi ya Georgia mpaka ukasahau kwao.

Tuanze na kazi yake, maana hapo ndipo penye mzizi. Rick ni askari, msaidizi wa sherifu katika kaunti ya mashambani. Kule sherifu huchaguliwa kwa kura. Kwa hiyo bastola ile kiunoni mwa Rick si mali ya hasira zake. Amekabidhiwa na watu. Anapigwa risasi kazini, anapoteza fahamu, na siku anayozinduka hospitalini maua aliyoletewa yamekauka, saa ya ukutani imesimama, anaita muuguzi na hakuna wa kuitika. Waliomkabidhi bastola hawapo tena. Bastola ipo.

Sasa naomba mkumbuke sehemu ya kwanza kabisa. Nje ya hospitali Rick amekutana na mwanamke ambaye nusu ya mwili wake imeliwa, naye bado anajikokota kwenye majani kwa mikono. Rick amekimbia. Baadaye anapata hifadhi kwa Morgan na mwanawe, anaelezwa dunia imekuwaje, anaoga, anavaa sare zake za askari, zimepigwa pasi. Angeweza kwenda zake Atlanta kumtafuta mkewe na mtoto. Anarudi kwenye yale majani. Anainama karibu na yule mwanamke, anamwambia anasikitika kwamba yamemkuta haya, ndipo anampiga risasi. Wakati huohuo Morgan yuko dirishani na bunduki, anamlenga mke wake aliyekufa akainuka, na kidole kinakataa kuvuta. Analia.

Nimeitazama sehemu ile mara nyingi, na kila mara naona mazishi, si vita. Rick amevaa sare kama sisi tunavyovaa kanzu kwenda makaburini. Wafu kwake ni watu waliopatwa na msiba, na ndivyo ilivyo, kwa sababu baadaye tunajua kwamba kila aliye hai ameshaambukizwa. Ukifa kwa homa, kwa kisu, kwa uzee, utainuka tu. Hakuna kabila la mazombi upande ule na kabila la wazima upande huu.

Ndiyo maana tamthilia inahama upesi kutoka kwa wafu kwenda kwa walio hai. Wazanzibari hili hawahitaji kufafanuliwa: wakati wa uchaguzi wa 2015 neno mazombi lilikuwa midomoni mwa watu, na waliokuwa wakiitwa hivyo walikuwa wazima, waliofunika nyuso na kutisha raia.

Wa kwanza katika walio hai ni Shane, askari mwenzake, rafiki wa damu, aliyemtunza mke wa Rick akiamini Rick ameshakufa, na utunzaji ukawa mapenzi. Mwishoni mwa msimu wa pili Shane anamtoa Rick usiku uwandani ili amuue, na Rick anamwahi kwa kisu. Ilikuwa kujihami, nakubali. Lakini hakuna hakimu wa kulisema hilo, na Rick anarudi kwa watu wake akiwa ameharibika. Anawatangazia kwamba kuanzia siku ile hakuna tena kupiga kura. Anayetaka kuondoka aondoke. Wapo wanaoshangilia pale, wakisema sasa amekuwa kiongozi. Mimi naona ndipo alipoipotezea sare yake maana.

Gharama yake inaonekana msimu unaofuata. Gavana, mtawala wa mji jirani, anataka akabidhiwe Michonne, mwanamke mpiganaji aliye kundini mwa Rick, ili asiwashambulie. Rick, peke yake, anakubali moyoni. Kisha anashindwa, anawakusanya wenzake, anakiri alichotaka kufanya, na anawarudishia haki ya kuamua. Michonne yule karibu auzwe. Ndiye baadaye akawa mke wake. Kwangu mimi hakuna pigano hata moja katika misimu yote linalofikia ujasiri wa kiongozi kusimama mbele ya watu wake na kusema nilikosea kuwanyang'anya hili.

Halafu anakuja Negan, mkuu wa genge linalowatoza watu mali kwa nguvu. Anawapigisha magoti mstari mmoja usiku, na anawaua Abraham na Glenn, wawili wa kundi la Rick, kwa rungu lililoviringishwa seng'enge, mbele ya Maggie, mke wa Glenn, mwenye mimba. Vita vinafuata. Katikati ya vita Carl, mtoto wa Rick, anang'atwa na mfu akimsaidia mgeni aitwaye Siddiq, na anakufa akiacha barua ya kumwomba baba yake amalize vita kwa njia nyingine. Mwisho wa msimu wa nane Rick anampata Negan chini ya mti, anamkata shingo, kisha anageuka na kuamuru aokolewe. Anayeiziba damu ile ni Siddiq, daktari, yuleyule aliyemgharimu Carl uhai.

Maggie analia na kupiga kelele pale, na sijawahi kumwona kuwa amekosea. Hakuulizwa. Rick, baada ya yote aliyojifunza kuhusu kura, aliamua tena peke yake, safari hii kusamehe uhai. Nawaomba msipite haraka hapa. Rehema aliyoitoa iligharamiwa na mjane ambaye hakuafiki.

Negan anafungwa kwenye chumba chenye dirisha dogo kule Alexandria, mji wanakoishi kina Rick. Katika msimu wa tisa Rick anatoweka, wenzake wanaamini amekufa darajani. Anabaki Judith, bintiye. Rick mwenyewe amewahi kukiri kwa Michonne kwamba anajua Judith ni damu ya Shane, na amemlea kama wake. Mtoto huyo anazoea kukaa dirishani akizungumza na mfungwa. Inakuja dhoruba ya theluji, Judith anatoka kumtafuta mbwa, anapotea kwenye weupe ule, na Negan anatoka nyuma yake, anamkuta, anambeba mpaka ndani penye moto. Binti wa mtu ambaye Rick alimuua, mikononi mwa mtu ambaye Rick hakumuua.