Sumaku Mfukoni: Kununua Vespa Kongwe na Kuiamsha Taratibu

Assalamu aleikum, karibuni. Naona wengine mmekuja na Vespa zenu, mmezipanga hapo nje. Tukimaliza nitazipitia, maana sumaku yangu ninayo mfukoni.

Sumaku naitoa kabla ya spana. Corradino D'Ascanio, aliyeisanifu Vespa, alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki hakuzipenda. Kampuni ya Piaggio walipoitoa mwaka 1946 kule Italia, haikuwa na fremu ya mabomba. Bati lenyewe, lililokunjwa na kuchomelewa, ndilo linalobeba kila kitu. Kwa hiyo bati likioza, kilichooza ni uti wa mgongo. Nasi hapa Unguja tunaishi ndani ya chumvi.

Yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Vespa aina ya PX, buluu, inang'aa utadhani imetoka kiwandani jana. Wiki ya tatu naiosha, kidole kikazama pale pa kuwekea miguu. Puti tupu, ule unga wa kuzibia mashimo kabla ya rangi! Injini mbovu ingenigharimu spea na siku mbili za fundi. Bodi ile ilinigharimu chombo kizima. Sumaku hainasi kwenye puti, basi ipitisheni sakafuni, karibu na pedeli ya breki, na kule injini inakoshikia. Rangi iliyopauka haina neno. Mimi rangi mpya ndiyo inayonitia wasiwasi.

Kisha namba zilizogongwa kwenye chuma. Ya bodi herufi zake huishia na T, ya injini M: PX 150 za mwanzo ni VLX1T na VLX1M. Tarakimu zinazofuata hazilingani tangu kiwandani, msigombane na mtu kwa hilo. Ila kadi ya usajili na bati vikisema mawili, rudini nyumbani.

Haya, mmenunua, na mguu unawasha kupiga kiki. Msipige. Chombo kilicholala miaka, toa plagi, tia oili kidogo ndani ya silinda, kalale. Kesho yake weka gia ya pili, kisukume polepole mpaka usikie pistoni inatembea. Petroli ya zamani mwaga yote. Kabureta fungua, vitundu vya jeti vipulize, usivichokonoe kwa waya, vitapanuka. Oili ya giabokisi, mililita 250, namba 30. Kama PX yako ni ya kuchanganya oili na petroli mwenyewe, lita tano za petroli zinataka mililita 100 za oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili. Anayekwambia uzidishe "kwa usalama" anakuuzia moshi.

Sasa sili za krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, maana hapa wengi huunguza injini. Ni mpira, ukikaa miaka unakakamaa. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya giabokisi, na moshi mweupe haukatiki hata injini ishike moto. Huo unaonekana, watu watakupigia kelele barabarani. Ya upande wa pili haina moshi. Inanyonya hewa, mchanganyiko unakosa petroli, na petroli ndiyo inayobeba oili. Utasikia umeachia mafuta lakini injini inazidi kupaa yenyewe. Wenye haraka hufurahi: "Ina nguvu hii!" Zima hapohapo. Ukiendelea pistoni itajamu, na gurudumu la nyuma litafunga ukiwa mwendoni. Mimi sili nabadilisha zote mbili kabla ya safari ya kwanza, hata kama chombo kinalia vizuri.

Tairi za zamani tupeni, hata kama meno yamejaa. Ila rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Toa upepo wote kwanza. Ukifungua nati na tyubu imejaa, vipande vitaruka, na uso wako uko juu yake.

Rangi? Mwaka mmoja uiendeshe hivyo hivyo. Maswali tutayajibia nje. Ile ya kijani pale mlangoni ya nani? Sakafu yake naona imepakwa juzi.