Neno "madoadoa" na bei yake

KAKA: Karibuni tena. Leo ni kauli za wanasiasa. Dada, wewe ni wa Eldoret, Kenya, tuanzie kwenu.

DADA: Asante, kaka. Nianze na tarehe 8 Januari 2022. Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alipanda jukwaani Eldoret akawaambia watu waondoe madoadoa. Msikilizaji wa mbali atadhani ni doa la nguo. Kwetu Bonde la Ufa ndivyo walivyoitwa majirani wa kabila lingine kabla ya kufukuzwa, miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa 2007.

KAKA: Na Kiambaa si mbali na hapo.

DADA: Si mbali hata kidogo. Kanisa la kijiji hicho lilichomwa Januari 1, 2008, na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Machafuko yale yaliua watu zaidi ya 1,100. Sasa, mama mdogo wangu anauza mboga mjini. Neno lile alilisikia kwenye redio ya kibanda cha jirani. Akafunika sukuma wiki kwa gunia, jua bado liko juu, akaenda nyumbani kutafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akavitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akauweka karibu na mlango. Mara ile ya kwanza walikimbia bila karatasi hata moja.

KAKA: Dah! Pole yake. Na Linturi?

DADA: Alikamatwa, akaomba radhi, akasema hakumaanisha kabila lolote. Agosti akashindwa ugavana wa Meru. Oktoba akaapishwa kuwa waziri wa kilimo.

KAKA: Sasa sikia ya kwetu Tanzania. Siku mbili kabla ya mkutano huo, Januari 6, Spika wetu, marehemu Job Ndugai, alijiuzulu. Alikuwa amesema kwa mikopo hii ipo siku nchi itapigwa mnada. Aliomba radhi hadharani, haikumsaidia.

DADA: Na hakumtukana mtu.

KAKA: Alihoji deni, basi. Ndiyo maana sikubali tukisema wanasiasa wanaponzwa na ulimi. Inategemea umemgusa nani. Ukiwagusa wakubwa, wiki mbili haziishi. Ukimgusa muuza mboga, unasubiri joto lipoe.

DADA: Hapo nakupinga kidogo, kaka. Sisi wapiga kura tumo. Juni 2016 wanasiasa wanane walilazwa seli za polisi Nairobi kwa tuhuma za uchochezi. Mmoja wao, Ferdinand Waititu, mwaka uliofuata alichaguliwa gavana wa Kiambu. Wengine wawili, Moses Kuria na Aisha Jumwa, wakaja kuwa mawaziri pamoja na Linturi. Waititu hakuteuliwa na mkubwa yeyote. Watu walipanga foleni wakampigia kura.

KAKA: Lakini sheria ya kauli za chuki si mnayo?

DADA: Tunayo tangu 2008. Faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Shida ni mafumbo. Kwenye kamusi doa si tusi. Lazima mtu asimame kortini aeleze alivyolisikia neno hilo na lilimfanyia nini.

KAKA: Mama mdogo angesimama?

DADA: Nilimuuliza. Akaniambia, "Halafu kesho yake nimuuzie nani mboga?"