Ukurasa wa Kushoto Si Wako, Mwalimu

(Mhadhara kwa walimu wa Kiswahili wa kidato cha kwanza na cha pili, Moshi)

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Daftari shirikishi mnalijua. Kulia panakaa somo: kanuni na mifano ya mwalimu. Kushoto panakaa kazi ya mwanafunzi juu ya somo lile lile. Leo tubanane hapo kushoto, maana ndiko tunakoharibu.

Mwalimu anachapa jedwali la ngeli, anatoa kopi 60, watoto wanakata, wanabandika, wanapaka rangi. Kesho madaftari yote yanafanana kama matofali. Huko ni kunakili kwa gundi! Ukikuta kurasa za kushoto za watoto waliokaa mbalimbali zinafanana neno kwa neno, swali lako lilikuwa bovu. Usiwagombeze, badilisha swali.

Chukueni ngeli ya KI-VI. Kulia umeandika: kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Sawa. Kushoto usiseme "tunga sentensi tano". Utaletewa kitabu kizuri, kikombe kizuri, kisu kizuri, mpaka usinzie. Andika ubaoni maneno manne tu: kiongozi, kinyozi, kiboko, kifaru. Uliza: lipi linaikataa kanuni ya kulia, na lini? Kiongozi amefika, hakuna anayesema kimefika. Lakini kiboko? Kiboko amezama mtoni, kiboko kimekatika mkononi mwa mwalimu wa nidhamu. Kifaru amejeruhiwa, kifaru cha jeshi kimeungua. Mwanafunzi achore picha mbili, kila moja na sentensi yake, halafu aandike mstari mmoja kwa maneno yake: kilichobadilika ni nini? Ule mstari ndio somo. Picha bila mstari ni mapambo. Dakika 12 zinatosha ndani ya kipindi cha 40, na kopi hutoi hata moja. Wanaowahi kumaliza wape "ndege": imetua au ametua?

Namsikia mtu anasema moyoni, "Nina wanafunzi 70, nitasahihisha saa ngapi?" Kwani nani kakwambia usahihishe yote kwa siku moja? Kusanya 14 kila siku, siku 5 umemaliza darasa. Soma ule mstari tu, dakika 2 kila daftari, haifiki nusu saa. Kulia ni maneno yako mwenyewe, utayasahihisha ya nini? Wa dawati moja walinganishe na ubao.

Gundi. Unga wa ngano kikombe 1, maji vikombe 4. Unga uukoroge kwanza kwa maji baridi kidogo, la sivyo ni madonge. Kisha umimine kwenye maji yaliyobaki yakichemka, ukoroge mpaka uji uanze kung'aa. Utumike siku hiyo hiyo, maana huchacha. Upakwe mwembamba, kingoni tu. Ukizidi, karatasi hujikunja na kurasa jirani hushikana, masika huota ukungu, na panya wa kabati la shule hawabagui ngeli. Kubandika mara moja kwa wiki kunatosha. Daftari likinenepa, mshono huachia.

Rejesta, yaani lugha ya mahali au shughuli fulani, haraka haraka. Kulia sifa zake. Kushoto konda wa Moshi–Arusha anadai nauli pale Boma Ng'ombe, kisha madai yale yale yaandikwe kama ya mahakamani.

Aliyekosa kipindi aache kurasa 2 wazi, zenye namba. Asipoacha, mkisema fungueni wa 24 yeye yuko wa 22, na yaliyomo yake hayatasaidia mtu.

Insha naiacha, mwenyekiti ananionyesha saa. Madaftari yako mezani. Kabla ya chai kila mmoja atie namba 1 hadi 40, kurasa 4 za mwanzo ziwe za yaliyomo. Witiri kulia, shufwa kushoto. Utakayeikuta 1 yako imekaa kushoto, futa uanze upya, chai itakusubiri.