Themostati Iko Wapi? Mhadhara kwa Wenye Subaru Zilizozeeka

Nimepewa dakika ishirini, na najua wengine mmeshanisikia nikilisema hili mwaka jana na mwaka juzi. Nitalisema tena. Nilipokuwa napita pale nje nimechungulia mishale ya joto ya magari mawili yaliyokuwa yananguruma, na yote mawili yamenitia simanzi.

Kila mtu humu ana picha moja kichwani: McRae, yule dereva wa mbio, na Subaru Impreza yake ya buluu, Safari Rally ya 1997, vumbi, ushindi. Sawa. Lakini yule bwana alikuwa na helikopta angani na mafundi wanaomsubiri njiani. Wewe una jeki ya kuazima, Jumamosi moja, na mtoto wa kukushikia tochi ambaye baada ya dakika tano anamulika mwembe. (Kicheko.)

Watu husema gari la mbio likizeeka linasumbua kwa sababu ya uzee. Mimi nakataa. Uzee una adabu zake. Mpira unakauka unauona, beringi inalia unaisikia, mkanda wa taiming una kilomita zake 100,000 na kila mtu anazijua. Kinachokutoa jasho wewe unayejitengenezea ni mikono iliyokutangulia. Gari la 2002 limeshapita kwa watu wangapi? Kila mmoja ameacha siri yake chini ya boneti akaondoka bila kuisema.

Themostati, ile valvu ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Naam, nimefika, tulieni.

Impreza WRX yangu, ile ya macho ya mviringo, niliikuta inakunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda. Lita moja, kilomita 5. Nikanunua plagi nne. Kuzitoa kwenye hizi injini zetu, ambazo silinda zake zimelala ubavu, mnajua wenyewe: betri nje, boksi la hewa nje, ngozi ya vidole nje. Ulaji uleule. Nikabadilisha sensa ya oksijeni. Uleule. Nikasafisha sensa ya hewa, nikaona haitoshi, nikaenda kutafuta nyingine ya mtumba Ilala, nikafunga. Uleule. Jumamosi tisa! Na muda wote huo mshale wa joto ulikuwa umelala chini ya pale unapotakiwa kukaa, nami najisifu kwa majirani: mnaona, Subaru yangu haichemshi.

Julai tukasafiri na mke wangu kwenda Makambako. Alfajiri tuko Mafinga, baridi ile mnayoijua. Akasema, "Baba Neema, washa hita." Nikawasha. Hewa baridi. Nikaongeza, baridi ikaongezeka. Nikatazama mshale: kila tukiteremka mlima, nao unateremka. Mama Neema akajifunika kanga ya pili, akaniuliza kwa upole kabisa, "Hizo Jumamosi zote ulikuwa unatengeneza nini?"

Tuliporudi Dar nikaingia chini ya gari, nikafungua boliti mbili za kile kifuniko cha chini ya pampu ya maji. Ndani hamna kitu. Tundu tupu, limezungushiwa silikoni nyekundu kama keki ya bethdei.

Najua mtaniambia: lakini mzee, huku kwetu joto, themostati ni ya nchi za barafu. Nimeisikia kwa mafundi, nimeisikia kwa wauza spea, nimeisikia hata kwa mhandisi mwenye shahada ukutani. Haya, tupige hesabu. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80, na ikifika 91 imefunguka yote. Joto la Dar mwezi wa Januari ni nyuzi 32, 33. Kwa themostati hiyo ni friji! Haijui kama uko Kariakoo au Sapporo kwenye theluji ya Japani, inachokijua ni maji yanayoigusa. Yakipata moto, imeshafungua njia yenyewe bila kukuomba ruhusa. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha, injini haifiki joto lake, na kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli. Ile isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi, na beringi za konrodi za injini hii, EJ20, hazina subira na oili nyepesi. Siku zikianza kugonga, unasema gari limezeeka.

Simtukani fundi wa chini ya mwembe. Alichofanya kilikuwa na maana kwake. Mwenye gari alijaza maji ya bomba miaka nenda rudi badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, kutu ikala, themostati ikakwama ikiwa imefunga, gari likachemsha kwenye foleni ya Ubungo. Fundi akaitoa. Gari likaacha kuchemsha, mteja akalipa huku anacheka, kila mtu akarudi kwake salama. Deni nikaja kulilipa mimi, kwa sababu hakuna aliyeandika popote, hata kwa chokaa chini ya boneti. Na themostati yenyewe ni rahisi kuliko ile sensa niliyonunua bure.

Mwingine atasema: nunua Toyota IST, upumzike. Nunua! Nani kakukataza?

Haya, muda umekwenda, mengine nayapitia mbio. Mfumo wa maji wa hizi zenye turbo una vifuniko viwili, cha rejeta na cha lile tangi dogo la juu ya injini. Havifanani, na vikibadilishana mahali mtahangaika na gari zima. Kulanti anza kujaza kwenye tangi, ndilo lililo juu. Oili pima kila unapoweka mafuta, si unapokumbuka, na gari liwe tambarare. Mkanda wa taiming usiubadilishe peke yake, weka na tenshena na pampu ya maji, maana siku ukikatika valvu na pistoni zinakutana, na hapo ndipo mtu anauza gari kwa kilo. Klachi nilikuwa nayo mengi, lakini mwenyekiti ananionesha saa. Klachi mwakani.

Maswali? Hapana, maswali tukiwa nje. Nimekuja na spana, silikoni sina. Lile jeupe la pembeni limefika mapema, litakuwa limeshapoa. La nani? La kwako, mama? Njoo basi tuanze na lako. Boliti mbili tu.