Msikilizaji Aliyemo Ndani ya Albamu ya Pili

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenda muziki, asanteni kwa kufika. Mada niliyopewa ni ile ambayo wengi wenu mmekuja na maoni yake mfukoni: albamu ya pili ya rapa anayefikirisha, na maneno ambayo wasikilizaji huyasema ikishatoka. Sitapanga hapa nani mkali kuliko nani. Huo mjadala mtauendeleza wenyewe mkitoka, na najua hautaisha leo.

Hoja yangu ni moja tu. Albamu ya kwanza huandikwa na mtu ambaye hakuna anayemsubiri. Ana maisha yake yote ya nyuma ya kuchota humo, na hakuna wa kumwambia "siku zile ulikuwa bora", kwa sababu siku zile ndizo hizi. Albamu ya pili huandikwa chumba kikiwa kimejaa watu: mashabiki, wakosoaji, kampuni, washkaji wa mtaani. Kwa hiyo tukitaka kujua wasikilizaji walisema nini, tusisubiri siku ya kutoka. Tuitazame albamu yenyewe. Maoni yetu mara nyingi yameshaingia humo kabla hatujafungua mdomo.

Mfano ulio wazi kupita yote ni De La Soul, vijana watatu wa Long Island, New York. Mwaka 1989 waliachia 3 Feet High and Rising, kazi iliyojaa maua, rangi na mzaha, mtayarishaji wao akiwa Prince Paul. Watu wakaipenda, na vyombo vya habari vikawabatiza mahipi wa hip hop, yaani watu wa maua na amani. Jina hilo liliwakera, na mwaka 1991 wakarudi na albamu ya pili waliyoiita De La Soul Is Dead. Kwenye jalada kuna chungu cha maua kimepinduka na kuvunjika. Shabiki aliyekuja kufuata maua alipewa jibu lake kabla hata ya kubonyeza kitufe.

Lakini jalada ni dogo. Sikilizeni kilichopo kati ya ngoma na ngoma. Kuna maigizo mafupi yanayoendelea albamu nzima: mtoto anaokota kaseti ya De La Soul kwenye takataka, wababe wanamnyang'anya, wanaiweka redioni na kuisikiliza. Kisha wanaiponda. Kila baada ya ngoma kadhaa wanarudi na kejeli zao, na kuelekea mwisho mmoja anauliza bunduki ziko wapi, matusi yako wapi, maana rap si ndiyo hiyo? Kaseti inarudishwa kwenye takataka na albamu inakwisha. Yaani wasanii wenyewe wamewaandikia wasikilizaji wao wabaya maneno ya kusema, wakayarekodi na kuyauza pamoja na muziki. Ukishayasikia hayo, utatoa maoni gani ambayo wao hawajayatoa?

Na katikati ya kejeli hizo ipo Millie Pulled a Pistol on Santa. Binti ananyanyaswa kingono na baba yake, ambaye ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayependwa na kila kijana. Binti anasema, haaminiki. Mwisho wake anaingia dukani ambako baba amevaa nguo za Santa na kumpiga risasi mbele ya watoto. Hakuna kiitikio cha kukupumzisha wala neno la kukufundisha. Hadithi inasimuliwa kwa sauti ile ile ya mazungumzo, na ndiyo maana inauma. Aliyesema siku hizo kwamba kundi limepoteza furaha yake alisikia sawasawa. Tatizo ni kwamba aliiona ni hasara. Jarida la The Source, ambalo wakati huo lilikuwa na uzito wa kumpandisha au kumshusha msanii, liliipa maiki tano, alama ya juu kabisa.

Sasa twende kwa Nas, rapa wa New York, maana hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Naona wengine mmeshaanza kutabasamu.

Illmatic, albamu yake ya kwanza, ilitoka tarehe 19 Aprili 1994. Nas alikuwa na miaka 20, kijana wa majengo ya makazi ya Queensbridge. Ngoma kumi ukihesabu na utangulizi, dakika zisizofika hata arobaini na tano. Walioisuka midundo ni DJ Premier, Pete Rock, Large Professor, Q-Tip na L.E.S., na rapa mgeni ni mmoja tu, AZ. Baba yake Nas, Olu Dara, anapuliza tarumbeta mwishoni mwa ngoma moja. Maiki tano nayo. Wakosoaji waliinama. Mauzo hayakuinama nao: ilifika nafasi ya 12 kwenye chati ya Billboard, na cheti cha dhahabu cha mauzo ilikuja kukipata mwaka 1996. Kumbukeni hilo la mauzo, kwa sababu lilikuwemo chumbani wakati albamu ya pili inaandikwa.

Ya pili, It Was Written, ikatoka tarehe 2 Julai 1996. Ikaingia moja kwa moja namba moja na kukaa hapo wiki nne. Midundo mingi ni ya Trackmasters, watu waliojua redio inataka nini. Mtayarishaji Dr. Dre yumo. Lauryn Hill anaimba kiitikio cha If I Ruled the World, wimbo uliojengwa juu ya kazi ya Kurtis Blow ya mwaka 1985. Street Dreams inabeba melodi ya kundi la pop la Eurythmics, na kwenye video yake Nas kavaa suti ya waridi na anaigiza bosi wa kasino. Kijana aliyekuwa anachungulia dirishani Queensbridge sasa anajiita Escobar, jina la yule bosi wa dawa za kulevya.

Basi neno likatoka: kajiuza. Nimewasikia watu wakilitamka neno hilo kwa uchungu kana kwamba walikopeshana naye fedha. Na mimi nasema, neno hilo limebeba malalamiko matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja, na kila moja linastahili kujibiwa kivyake.

La kwanza ni la mdundo: umelainika, unang'aa. Kweli. Nani atakataa? La pili ni la mada: kaacha kutazama mtaa, kaanza kusimulia magenge na utajiri kama sinema. Hili ni kweli nusu. La tatu hatulisemi wazi, nalo ndilo zito. Ni la ujirani. Illmatic ilikuwa ya wachache waliojuana. Ghafla kila mtu anaimba kiitikio cha Lauryn Hill, hata yule ambaye jana alikuwa hajui Queensbridge iko upande gani. Shabiki wa mwanzo anaona amenyang'anywa kitu. Uchungu huo naufahamu, ila msanii hawezi kushtakiwa kwa kosa la kusikika.

Ukishayatenganisha, unaweza kusikiliza kwa haki. Nas Is Coming, ile ya Dr. Dre, kwangu mimi ni ngoma ya majina makubwa mawili yasiyokutana. Aliyeichoka mwaka 1996 sina ubishi naye. Affirmative Action nayo, watu wanne wakipokezana, AZ anaondoka na ngoma ya mwenyeji, yaani anamfunika Nas. Lakini nenda I Gave You Power, mdundo wa DJ Premier. Anayesema humo ni bunduki. Nas hasimulii kuhusu bunduki. Bunduki yenyewe ndiyo "mimi". Inalala kwenye giza la maficho, inasikia mikono ikiishika, imechoka kuua. Inakata shauri kwamba safari hii ikivutwa haitatoa risasi. Inavutwa, inagoma, na mwenye nayo anapigwa na kufa. Unadhani imepata uhuru? Mtu mwingine anaiokota palepale.

Nawaombeni mniambie ni ngoma ipi ya Illmatic iliyothubutu hivyo. Illmatic ina macho makali kupita kiasi, lakini anayetazama ni Nas mwenyewe karibu muda wote. Hapa kahama kutoka ndani ya nafsi yake. Washairi wetu wamekuwa wakikipa kinywa kitu kisichosema tangu zamani, na wanajua ugumu ulipo: ukiteleza mstari mmoja tu, msikilizaji anakuona wewe nyuma ya kitu. Nas hatelezi. Na ngoma hii imo ndani ya albamu hiyo hiyo ya suti ya waridi. Aliyeitupa albamu kwa sababu ya suti aliitupa na hii.

Nimeona mkono pale nyuma... Ndiyo. Kaka anauliza kama si kweli kwamba muda ndio unaosafisha albamu za namna hii, kwamba tunazipenda kwa sababu tumezeeka nazo. Swali zuri. Muda peke yake hausafishi kitu. Zipo albamu za pili zilizochakaa zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Kinachotokea ni kwamba anakuja msikilizaji ambaye hakuwahi kupewa ile ahadi ya kwanza. Rapa Lupe Fiasco wa Chicago amewahi kueleza wazi kwamba It Was Written ndiyo iliyokuwa kielelezo chake. Kwake haikuwa usaliti wa chochote. Ilikuwa albamu.

Na Lupe mwenyewe zamu yake ilifika. Food & Liquor ilitoka mwaka 2006, ikasifiwa kwa akili yake. Ya pili, The Cool, ikatoka Desemba 2007, nzito kuliko ya kwanza, ikiwa na wahusika wa kubuni wanaopita kutoka ngoma hadi ngoma: mmoja ni mtaa, mwingine ni ule mchezo wa kutafuta fedha za haraka. Wasikilizaji wengi walilalamika kwamba hadithi haifuatiki. Hawakukosea. Mimi pia nikiisikiliza naona vipande vya simulizi vimetawanyika, na sioni aibu kusema kwamba kazi ya kuvikusanya aliniachia kubwa mno.

Ila humo humo kuna Dumb It Down. Kiitikio chake ni sauti za watu wanaomwambia Lupe: hatukuelewi, unapita juu ya vichwa vya watu, punguza akili kidogo uuze. Mmoja anatoka mtaani, mwingine anaongea kama mtu wa ofisini. Na kati ya viitikio hivyo Lupe anachana mistari yake migumu kuliko yote ya albamu, mafumbo juu ya mafumbo, bila kumjibu yeyote. Ni mambo yale yale ya wababe wa De La Soul na kaseti yao, miaka kumi na sita baadaye. Tofauti ni kwamba De La Soul waliwaacha wababe wawe na neno la mwisho. Lupe kawaacha waongee, naye akaendelea na shughuli zake. Njia ya De La Soul naiona ya kijasiri zaidi. Ya Lupe ina kiburi kidogo, na kiburi hicho kilikuja kuwachosha baadhi ya mashabiki.

Mfano wangu wa mwisho ni mfupi lakini mtamu. Rapa J. Cole alitoa albamu ya kwanza mwaka 2011, na humo aliweka Work Out, ngoma ya kuchezesha redio. Prodyuza No I.D. akamfikishia habari: Nas kaisikia, na haikumpendeza. Cole alikua akimsujudia Nas. Kwa hiyo kwenye albamu ya pili, Born Sinner, ya Juni 2013, akaandika Let Nas Down, ngoma nzima kuhusu maoni ya msikilizaji mmoja. Anaeleza jinsi alivyovunjika moyo, na jinsi alivyokuwa ameminywa na haja ya kupata ngoma ya redio ili albamu itoke. Nas akaisikia na kumjibu kwa mistari yake juu ya mdundo huo huo, akimwambia kwamba anajivunia.

Hebu ona mzunguko huo. Aliyetoa hukumu ni yule yule aliyehukumiwa mwaka 1996 kwa kosa hilo hilo, mwenye kiitikio cha Lauryn Hill na melodi ya Eurythmics. Sidhani alikuwa mnafiki. Nadhani mtu aliyewahi kusimama kizimbani huzijua hoja za mwendesha mashtaka kuliko mtu mwingine yeyote.

Hapo mtaona kwa nini siamini sana maoni ya wiki ya kwanza, yawe ya sifa au ya lawama. Wiki ya kwanza tunapima albamu mpya kwa kumbukumbu ya ile ya zamani, na kumbukumbu imeshatoa ngoma mbovu zote. Kwa hiyo mtu akiniambia albamu ya pili imemwangusha, huwa namuuliza swali moja: taja ngoma. Ikiwa atataja ngoma, mstari na mdundo, tutaongea hadi usiku. Akiniambia "si yule tena", najua bado hajaisikiliza, hata kama ameipiga mara ishirini.

Na kuna gharama upande wa pili. Lauryn Hill, yule yule wa kiitikio, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake mwaka 1998 na kukusanya tuzo tano za Grammy usiku mmoja. Mwaka 2002 ikatoka rekodi ya jukwaani, yeye na gitaa lake, nyimbo mpya, sauti imekwaruzika, maelezo marefu kati ya wimbo na wimbo. Wengi waliizomea. Albamu ya pili ya studio haijatoka hadi leo. Sitadai kwamba sisi ndio tuliomnyamazisha. Maisha ya mtu yana mambo mengi. Ila ile rekodi ya jukwaani irudieni mkifika nyumbani, muisikilize kama kazi ya mtu msiyemjua.

Haya, kuna maikrofoni mbili zinazunguka. Tuanze na dada wa mstari wa mbele, ambaye tangu niseme AZ aliondoka na ngoma amekuwa akitikisa kichwa kunikatalia.