Kiporo cha Laptop

KOKU: Leo msinidai utangulizi. Sina laptop, nimekuja na karatasi nimechana kwenye daftari la mtoto.

MASANJA: Mwadila, wasikilizaji. Dada Koku kaingia kanuna kama kaachwa na kivuko cha Kamanga.

KOKU: Jumatatu usiku namalizia video ya sendofu ya watu. Kioo kikaanza mistari, kijani, zambarau, kama TV ya chogo ikila chenga.

MASANJA: Nikamuuliza kwenye simu swali moja tu: umechomeka kwenye TV?

KOKU: Nikachomeka waya wa HDMI kwenye TV ya sebuleni. Mistari ile ile.

MASANJA: Hapo ndipo nilipoguna. TV ingetoka safi, tungesema kioo kimekufa, au ule waya wake unaopita kwenye bawaba umechoka. Unabadilisha, maisha yanaendelea. Lakini TV haijui bawaba yako.

KOKU: Kuna kijana akaniambia nipige Windows upya.

MASANJA: Na nembo ya kuwakia ilikuwaje?

KOKU: Nayo ina mistari.

MASANJA: Sasa hapo Windows inahusika vipi? Bado haijaamka, na draiva yake, ile programu inayoongoza picha, haijaamka. Ukiona mistari kabla ya Windows, usimlipe mtu kupiga Windows. Hiyo ni memori, Mungu akikupenda, au chipu ya grafiksi, ile inayochora picha.

KOKU: Fundi akabadilisha memori, wapi. Akasema "chipu, dada, niachie mpaka jioni." Jioni inawaka, safi kabisa! Nikatoa elfu hamsini kwa furaha. Ijumaa ikafa. Na sasa haitoi hata mistari.

MASANJA: Alipiga blowa, ile mashine ya hewa ya moto.

KOKU: Alipiga blowa! Tena pembeni yake mama anakaanga sato. Laptop ilirudi inanuka sato.

MASANJA: Elfu hamsini na harufu umepewa bure. [wanacheka] Ndiyo maana mimi naiita kazi ya kiporo. Kiporo ukikipasha kinaamka, kinatoa mvuke, unadhani kimepikwa leo.

KOKU: Kiporo cha ndizi kina heshima yake, usikilinganishe.

MASANJA: Cha ndizi? Kinageuka cheusi asubuhi! Kiporo ni michembe.

KOKU: Michembe ni viazi vikavu, Masanja. Huwezi kuwa na kiporo cha kitu kilichokaushwa juani.

MASANJA: Ukishaichemsha na karanga ikalala, ni nini?

KOKU: Ni michembe iliyolala. [wanacheka] Eleza blowa kwanza.

MASANJA: Watu wanadhani inayeyusha risasi, ile ya kulehemu, inayoishika chipu kwenye bodi. Risasi ya zamani inayeyuka kwenye nyuzi 183, hii ya siku hizi isiyo na madini ya risasi inafika kama 217. Lakini mara nyingi ufa hauko hapo. Uko ndani ya chipu yenyewe, kwenye vidoti vidogo vinavyoshika jiwe lake, kile kipande cha ndani kinachofanya kazi yenyewe. Moto unavisukuma, vinagusana kidogo, picha inarudi. Ukifanya kazi ikapata joto, ikapoa, ikapata joto, vinaachana. Hata Nvidia, watengenezaji wa chipu za grafiksi, yaliwakuta: mwaka 2008 walitangaza kutenga dola milioni 150 mpaka 200 kwa ajili ya chipu za laptop zilizokuwa zinakufa.

KOKU: Kwa hiyo fundi alijua.

MASANJA: Alijua inaweza kurudi.

KOKU: Alijua itakufa! Mbona hakusema "hii ni ya siku nne"?

MASANJA: Angejuaje siku nne? Nimeziona zilizokaa mwaka. Mimi nimekaa kwenye ile meza, Koku. Mteja anakuja na laptop ya mtumba, bodi nyingine bei yake inakaribia laptop nyingine. Anakwambia "jaribu tu". Umfukuze?

KOKU: Jaribu kwa elfu kumi. Elfu hamsini ni bei ya kupona.

MASANJA: Umeme wake, chombo chake, muda wake?

KOKU: Na video ya bibi harusi? Alinitazama usoni akasema "imepona". Angesema "chota kazi zako leo leo", ningechota, nisingemdai hata mia.

MASANJA: Ungesema hajui kazi, ungeenda kwa wa jirani.

KOKU: Usinisemee.

MASANJA: Wateja wote ndivyo walivyo.

KOKU: Mimi siyo wateja wote. Ni uongo, Masanja.

MASANJA: Siyo uongo. Ni kazi ya mtu.

[kimya]

KOKU: Haya. Hatukubaliani.

MASANJA: Hatukubaliani. Na michembe ni kiporo.

KOKU: Siyo kiporo! Ngoja, nilikuwa na mambo sita hapa ya kukagua kabla ya kwenda kwa fundi. La kwanza TV tumesema, la pili nembo…

MASANJA: Kwaya wako mlangoni, chumba ni chao kuanzia saa kumi.

KOKU: La tatu upesi: diski toa, ivalishe kasha la USB, chomeka kwa mwenzako. Kazi zako haziko kwenye chipu ya grafiksi. Mimi nimepata video yangu yote jana.

MASANJA: Umepata? Na umeninunia saa nzima?

KOKU: Elfu hamsini sijapata. La nne…

MASANJA: Wameshaanza kupanga viti, dada.