Picha haiumi: mchaniko wa gegedu la bega

Haya jamani tuanze, na waliokwisha kunisikia mnisamehe maana nitarudia yaleyale.

Ngata mnaijua, kile kitambaa tunachoviringisha ili ndoo itulie kichwani. Bega ni hivyohivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mpira, kinapokalia ni kisosi tu, hakina kina, kwa hiyo ukingoni kuna duara la gegedu, labramu, hiyo ndiyo ngata yenyewe, na kwa juu ndipo kano la baisepsi, ule msuli wa mbele ya mkono, linaposhika. Ukisharusha mpira miaka na miaka, au ukaangukia mkono, gegedu hilo linachanika, bega linaalika na kuuma ukipeleka mkono juu. Basi.

Sasa fundi jipsamu wangu. Ana miaka 47, kutwa mikono iko darini. Bega likauma, akapiga MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, majibu mchaniko juu ya labramu, jamaa akauza bodaboda akapasuliwa, hospitali siitaji, nyuzi zilishikizwa vizuri tu, wiki sita mkono kwenye slingi na hakuna aliyemwambia habari ya mazoezi! Anafika kwangu bega limekaza, shati anavalishwa na mkewe. Na bodaboda ndo imeshaenda. Umri ule ukiwapitisha watu kwenye mashine wengi wana mchaniko na hawana habari, wanalala vizuri tu. Picha inakuonyesha palipochanika, haikuonyeshi maumivu yanatoka wapi.

Najua kuna mtu anasema moyoni huyu fizio, mtu wa tiba ya mazoezi, analinda ugali wake. Haya, Norwei mwaka 2017 walitoa utafiti wa wagonjwa 118 wenye mchaniko huohuo wa juu, wengine wakashonwa, wengine wakahamishiwa kano la baisepsi, wengine wakatobolewa ngozi na kuingizwa kamera tu hakikushonwa kitu, wenyewe hawajui nani kafanyiwa nini. Baada ya miaka miwili wote wamepata nafuu sawasawa. Wa kamera tu nao! Sasa hapo ugali wangu unaingiaje?

Sijasema kisu hakina kazi, msinilishe maneno. Kijana wa miaka 18 bega limechomoka kwa mbele, hapo ngata imeng'oka chini, daktari mpasuaji Bankart wa Uingereza kaeleza tangu 1923, na umri huo likichomoka mara moja hupenda kurudia, huyo mwahini kwa daktari wa mifupa. Na nyie makocha acheni kuvuta mikono ya watoto uwanjani kurudisha bega lililochomoka, kuna neva hapo.

Wengine anzeni na miezi mitatu ya mazoezi, mpira wa tyubu ya baiskeli ufunge kwenye kitasa, kiwiko kibane mbavuni, vuta kwenda nje taratibu, sukuma ukuta, mambo ya juu ya kichwa yasubiri. Kuhusu sindano nilikuwa na slaidi nne ila mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili. Nani hapa bega lake linaalika? Njoo mbele, we kaka wa jezi, njoo, sikuvuti.